Nyavu Kwenye Nguzo za Netiboli

Jumatatu, 11 Mei 1964

Shule imefunguliwa, uwanja umefungwa.

Nilirudi jana jioni kutoka kwetu Nyamira. Asubuhi ya leo nikatoka na filimbi shingoni kuwapeleka darasa la sita mazoezi ya viungo, nikasimama pale pale kwenye ngazi. Uwanja wote, kutoka goli la juu mpaka karibu na choo, umetandazwa omena. Mikeka ya mafunjo, magunia, vipande vya nyavu kuukuu, na juu yake samaki wa urefu wa kidole wakikauka juani. Nguzo zangu mbili za netiboli, ambazo nilimsumbua seremala mwaka mzima kuzipata, zimefungiwa kamba kati yao, na kwenye kamba hiyo umeanikwa wavu.

Nikaenda ofisini. Mwalimu Mkuu, Elkanah, hakuinua hata macho kutoka kwenye rejista.

“Mwalimu Marcella, wewe umetoka milimani, hujui. Ziwa imekula ufuo yote. Hii watu wataanika wapi? Kamati imekubali. Ni harambee.”

Harambee! Uhuru haujatimiza mwaka, na neno hilo limeshakuwa kifuniko cha kila sufuria.

Nimeanza daftari hili leo ili nisije nikamtukana mtu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza ni cha wakaguzi, na Kigusii cha mama yangu sitaki kukichafua kwa hasira hizi.

Jumanne, 12 Mei

Ni kweli ziwa limepanda. Linapanda mwaka wa tatu sasa, na mwaka huu limezidi. Mchanga ambao wanawake waliuanikia samaki tangu enzi za bibi zao uko chini ya maji. Sawa, ziwa siwezi kulishtaki. Lakini kamati ya shule ina masikio.

Mwenyekiti wa kamati ni Mzee Javan, mwenye mitumbwi miwili na nyavu nyingi kuliko mtu yeyote kutoka hapa hadi Kisegi. Amekuja leo mwenyewe kunisomea sheria, fimbo mkononi, adabu tele.

“Japuonj,” ameniambia, maana ndivyo wanavyomwita mwalimu hapa, “wavulana wanaweza kupita katikati ya mikeka, hakuna shida. Lakini msichana asiruke wavu. Msichana akiruka wavu, samaki wanajua.”

“Wanajua nini, Mzee?”

“Wanajua.”

Na nyavu ziko wapi? Zimelazwa kutoka nguzo za netiboli hadi kona ya varanda, zinakata njia yote ya kutokea madarasani. Mvulana anaziruka na kwenda zake. Msichana anabaki varandani. Hivyo ndivyo walivyopanga, au hawakupanga kabisa, wala sijui lipi ni baya zaidi.

Alhamisi, 14 Mei

Wakati wa mapumziko nimehesabu waliokaa kitako. Tuna wasichana sabini na wanne. Waliokaa: sitini na tisa. Watano waliosimama walikuwa kwenye foleni ya choo.

Mwaka jana muda kama huu ningelazimika kupiga filimbi mara tatu ili waache kukimbia.

Ijumaa, 15 Mei

Mvua. Wanawake wamekimbia kuokoa omena. Watoto hawakukimbia popote.

Jumapili, 24 Mei

Niseme sasa jambo ambalo limenifanya nisilale vizuri wiki mbili. Kiongozi wa wanawake wanaoanika uwanjani ni Monicah, na mimi ni mpangaji wa Monicah. Chumba changu kiko bomani kwake, kuni ni zake, na kila jioni ananiwekea sahani ya ugali na omena hizo hizo ninazozilaani mchana. Mume wake yuko Kericho kwenye majani chai. Binti yake mkubwa, Dolphine, yuko darasa la sita kwangu.

Dolphine ndiye mkimbiaji wetu. Mwaka jana, kwenye michezo ya wilaya Homa Bay, aliachwa nyuma kwa upana wa kifua katika yadi mia mbili na ishirini, pekupeku, dhidi ya msichana mwenye viatu. Mwaka huu michezo ni tarehe 24 Julai. Mwaka ujao hakuna, kwa sababu baba yake ameshaandika barua: Januari aende Kericho akamtunzie nyumba. Kwa hiyo ni Julai hii au basi.

Leo baada ya chakula nimejaribu.

“Mama Dolphine, huyu mtoto atafanyia wapi mazoezi?”

“Nyar Kisii,” amenijibu. Ndivyo anavyoniita, binti wa Kisii, na mara nyingi huwa anatabasamu. Leo hakutabasamu. “Wewe unakula omena yangu kila jioni. Hata siku moja umeniuliza naanika wapi?”

Nimeosha sahani yangu mwenyewe nikaingia ndani, nimekasirika zaidi kwa sababu alisema kweli.

Jumatano, 27 Mei

Sasa wadogo wamepewa kazi. Kunguru na korongo wanakula samaki, basi Mwalimu Mkuu ameamuru darasa la kwanza wakae ukingoni wakati wa mapumziko na vijiti, wafukuze ndege. Kukaa. Na vijiti. Ananieleza kuwa hayo nayo ni mazoezi ya mikono.

Nimeona pia kapu dogo la omena nyuma ya mlango wa ofisi yake. Mkono mtupu haulambwi.

Kuna mtoto anaitwa Phelesia, ameanza shule Januari, meno ya mbele hana. Nimemuuliza kama anajua netiboli. Ameniuliza ni samaki gani. Nikacheka, halafu nikaenda nyuma ya darasa nikasimama peke yangu mpaka kengele ikalia.

Waliokaa: sabini.

Jumatatu, 1 Juni

Sikukuu ya Madaraka. Hotuba ndefu. Watoto wameimba wamesimama varandani, kwa sababu mahali pa gwaride pana samaki.

Jumanne, 9 Juni

Nimefanya upumbavu.

Asubuhi nilijiambia kuwa nusu saa tu inatosha. Wanawake huja saa nne kugeuza samaki. Saa mbili unusu nikatoa darasa la sita na la tano, wavulana kwa wasichana, nikawapanga, tukaikunja mikeka upande wa juu na kuyamimina yaliyomo mahali pamoja. Chungu kubwa, safi, nikaifunika magunia. Kwetu wimbi likivunwa hurundikwa hivyo hivyo, likae siku kadhaa lishike joto, ndipo lipurwe. Kurundika ni kutunza, ndivyo nilivyolelewa. Nyavu sikuzigusa, tuliwapitisha wasichana kwa nyuma ya jiko.

Na tulicheza! Mungu anisamehe, tulicheza. Hata wale wazito wa darasa la tano walikimbia mpaka wakakaa chini kwa kucheka. Dolphine alizunguka kipande kile mara nne, akaja akasimama mbele yangu anahema.

Nusu saa ikawa saa nzima, mkaguzi wa afya akafika bila taarifa, tukaitwa sote ndani. Wanawake nao leo walikuwa matangani, hawakuja mpaka saa tisa. Wakafunua magunia.

Omena iliyokauka nusu ukiirundika inaungua yenyewe kwa ndani. Kila mtoto wa hapa anajua. Hakuna aliyeniambia, kwa sababu mimi ni mwalimu. Ilikuwa inatoa mvuke na imekuwa uji. Samaki wa wanawake kumi na mmoja, siku tatu za kazi.

Monicah alichota kiganja akakinusa, akakikung'uta chini. Hakupiga kelele. Wengine walipiga, na kwa Kijaluo nilichojifunza mwaka huu na nusu nilielewa vya kutosha. Yeye alisema kwa Kiswahili, ili nisikose hata neno:

“Ungeuliza tu, mwalimu. Kuuliza ni bure.”

Hakuniita Nyar Kisii.

Hasira hasara, tunawafundisha watoto. Mbona hatuwaambii kwamba hasara yenyewe huwa ya mtu mwingine?

Jumatano, 10 Juni

Sahani yangu ya jioni ililetwa kama kawaida. Aliileta Dolphine. Mama yake hakutoka jikoni. Afadhali angeninyima.

Jumatatu, 15 Juni

Waliokaa: sabini na mmoja. Monicah bado haongei nami.

Alhamisi, 18 Juni

Hivyo hivyo.

Ijumaa, 26 Juni

Dolphine anafanya mazoezi barabarani alfajiri, kabla ya kwenda kuteka maji. Barabara ni mawe matupu na mashimo ya mvua. Nilimfuata leo nikamwona jinsi anavyokimbia. Anaangalia miguu. Huyu alikuwa anakimbia kidevu juu, anaangalia mbele tu! Nimemwambia, “Inua kichwa.” Amesema, “Ndiyo mwalimu,” akainua, hatua sita baadaye akajikwaa, kichwa kikarudi chini.

Baba yangu aliwahi kuniambia kuwa mtoto huwa na umbo la mahali anapochezea. Nilidhani ni maneno ya wazee.

Jumapili usiku, 28 Juni

Jioni hii Monicah amesema nami. Amesema, “Chumvi iko wapi?” Nikampa.

Alhamisi, 2 Julai

Nitaandika yote.

Jana wakati wa mapumziko korongo alishuka katikati ya mikeka. Phelesia akasimama na kijiti chake, akamkimbilia, akanaswa mguu na kamba, akaanguka uso chini kwenye mawe ya kushikizia wavu. Damu ikatoka mdomoni. Mtoto akapiga yowe. Mimi nilikuwa ndani nasahihisha hesabu. Dolphine alikuwa varandani pamoja na wenzake, na kati yake na yule mtoto kulikuwa na wavu wa Mzee Javan, umelazwa upana wa hatua mbili.

Akauruka. Ungefanya nini wewe? Aliuruka kwenda, akamwinua, akauruka kurudi na mtoto mgongoni.

Usiku huo mitumbwi ya Mzee Javan ilirudi na maji matupu. Kulikuwa na mbalamwezi nyeupe kama mchana, na mvuvi yeyote, hata mimi mtu wa milimani, anajua omena hawafuati taa za mitumbwi kukiwa na mbalamwezi. Lakini leo asubuhi, wakati wa gwaride, Mzee Javan amekuja na wazee wawili, wakanong'ona na Elkanah. Elkanah akamwita Dolphine mbele. Viboko sita. Msichana wa miaka kumi na minne, mbele ya shule nzima, kwa kosa la kuokota mtoto anayetoka damu.

Nilitoka mstarini. Nilisema, “Mwalimu Mkuu, huyu alikuwa anasaidia mtoto.”

“Sheria ni sheria, Mwalimu Marcella.”

“Iko kwenye kitabu gani, nikaisome?”

Walimu wenzangu waliangalia viatu vyao. Elkanah akapiga cha sita, akafuta jasho, akatangaza kuwa Dolphine ameondolewa pia kwenye michezo ya Homa Bay, ili iwe fundisho. Huyu ni mtu anayetufundisha habari za Msamaria Mwema kila Jumatano! Anajua kila mstari. Labda siku moja nimwulize kama njia ya kwenda Yeriko ilikuwa imeanikwa nyavu.

Dolphine hakulia. Alirudi mahali pake akakaa. Wasichana wote walikaa.

Waliokaa: sabini na wanne. Wote.

Ijumaa, 3 Julai

Nilimkuta Monicah anamkanda binti yake kwa maji ya moto. Nikakaa mlangoni. Nilitaka tukasirike pamoja. Sikupata.

“Ulimfundisha kukimbia,” alisema bila kunitazama. “Kusimama hukumfundisha.”

“Angesimama wakati mtoto wa mtu anatoka damu?”

“Mimi nilizaliwa hapa ziwani. Nimezunguka nyavu miaka thelathini na nane. Nilizunguka nikiwa na mimba, nilizunguka nikiwa na maji kichwani. Haijaniua.”

“Na imekupeleka wapi?”

Alikamua kitambaa muda mrefu kuliko kilivyohitaji. Nikaondoka nikijua kuwa nimesema zaidi ya haki yangu, lakini sikurudi kuomba radhi.

Jumatatu, 6 Julai

Elkanah ameniambia nisahihishe orodha ya wachezaji kabla haijapelekwa Homa Bay. Nimemwambia ndiyo. Orodha niliiandika mimi, na kalamu ni yangu. Haijasahihishwa.

Jumatano, 8 Julai

Mvua kidogo, upepo mwingi. Waliokaa: sabini na wawili. Wawili ni wagonjwa nyumbani.

Jumatatu, 13 Julai

Nitajaribu kuandika bila kuongeza chumvi.

Saa nne wanawake walikuwa uwanjani wanageuza omena kama kila siku. Wanaume wanne walikuwa wamekaa kando ya wavu mkubwa wanaushona, Mzee Javan kwenye kiti chake kidogo. Ilikuwa mapumziko, watoto wamejaa varandani, mimi na daftari langu la kuhesabu. Monicah alikuwa anatoka juu na karai. Njia ya mkato inapita pale pale penye wavu, na kila siku yeye huuzunguka wote mpaka kwenye nguzo, hatua mia na zaidi.

Leo alifika kwenye wavu akatua karai chini. Akafunga leso kiunoni vizuri, fundo mara mbili. Akawaamkia wanaume. Kisha akauruka.

Mwanamke mzima, mwenye mume hai, mama wa watoto watano, mnene. Hakuvuka kwa kunyata. Aliruka kwa miguu yote miwili, akatua kwa kishindo, akageuka, akauruka tena kurudi.

Mzee Javan alisimama, kiti kikaanguka.

“Monicah! Unajua umefanya nini?”

“Najua, baba. Nimeruka wavu.” Alisema kwa heshima kabisa, mikono ameikunja mbele. “Mtoto wangu mlimpiga sita. Mimi ni mkubwa, nahesabu yangu ni kumi na mbili. Mwalimu Mkuu yuko hapo mlangoni, aje.”

Elkanah alikuwa mlangoni kweli. Aliingia ndani.

“Hii wavu sasa itafanyiwa nini?” Mzee Javan alisema, na kwa mara ya kwanza nilisikia woga kwenye sauti yake, woga wa kweli, wala sikucheka. “Hii ni chakula ya watu!”

“Ipeleke ikatakaswe, baba, ndiyo desturi yetu. Mimi sijakataa desturi. Na ukiirudisha hapa kwa uwanja ya watoto, nitairuka tena. Kesho nitairuka. Hata Jumapili nikitoka kanisani.”

Na hapo mwanamke mwingine, mzee kuliko yeye, Rispa, ambaye tarehe tisa Juni aliniita majina ambayo sitayaandika, akaweka chini ufagio wake, naye akaanza kufunga leso.

“Basi!” Mzee Javan alipaza sauti. “Basi, basi. Mama, kaa hivyo hivyo.”

Walizikunja nyavu zote kabla ya kengele. Walizibeba wenyewe, wanne, hata ule wa kwenye nguzo.

Kwa wiki tisa nimebishana na wanaume hawa kwamba imani yao ni upuuzi, wakanisikiliza kama wanavyosikiliza mbu. Monicah hakubishana nao hata kidogo. Aliichukua kama ilivyo, akawarudishia.

Jioni ameleta sahani mwenyewe. Nikasema, “Asante, Mama Dolphine.”

“Usinishukuru, Nyar Kisii. Omena yangu inabaki.”

Jumanne, 14 Julai

Tumegawana. Nusu ya chini, yenye mawe, ni ya omena mpaka maji yashuke. Nusu ya juu, penye nguzo, ni ya watoto. Elkanah ametangaza kwenye gwaride kana kwamba wazo ni lake. Sijaridhika. Uwanja wa watoto ukigawanywa mara mbili, watoto hawajapata nusu, wamepokonywa nusu. Lakini nimepiga filimbi.

Wavulana walitoka mbio. Wasichana walishuka varandani mmoja mmoja, wanapapasa kwa mguu kama wanaoingia majini. Nikadhani ni aibu tu, itapita.

Waliokaa: arobaini na wawili.

Ijumaa, 17 Julai

Dolphine anakimbia. Siku nne za mazoezi dhidi ya wiki tisa za kukaa. Waliokaa: thelathini.

Jumatano, 22 Julai

Elkanah ameliona jina la Dolphine kwenye nakala iliyorudi kutoka Homa Bay. Amenitazama, nikamtazama. Amesema, “Andika orodha yako vizuri siku nyingine.” Labda naye ana binti mahali fulani.

Ijumaa, 24 Julai, Homa Bay

Tulifika jana jioni kwa lori la samaki kutoka Sindo, wasichana sita na mimi juu ya magunia. Tumelala kwenye sakafu ya darasa.

Uwanja wa hapa ni wa kweli. Majani yamekatwa, hakuna jiwe, na mistari imepigwa kwa chokaa nyeupe: ya kuanzia ya mbio hizi, ya kupokezana kijiti, ya mbio zile, inakata njia sehemu kadhaa. Wasichana wangu walisimama ukingoni wameshikana mikono. Mmoja akaniuliza kama tunaruhusiwa kuingia.

Saa nane, yadi mia mbili na ishirini, fainali. Bastola ikalia. Dolphine akatoka mbele ya wote. Naapa, mbele kwa hatua mbili! Nilipiga ukelele ambao mwalimu hatakiwi kuupiga.

Akafika kwenye mstari wa kwanza wa chokaa. Mguu ukasita.

Hakuanguka. Hakusimama. Ilikuwa nusu hatua, bega likaelekea kando kidogo, kama mtu anayetafuta pa kuzungukia, kisha akauvuka. Akachomoka tena. Mstari wa pili, vile vile. Wa tatu, vile vile, na sasa kichwa chake kilikuwa chini, anautafuta wa nne kabla haujafika. Watatu wakampita hapo. Alimaliza wa nne.

Mzee mmoja mwenye beji ya uamuzi alikuwa karibu yangu. Alitikisa kichwa akaniambia kwa upole, “Huyu wako ana mbio, mwalimu, lakini hana moyo.”

Nilimwambia kwamba yeye ndiye hana macho. Nilimwambia na mengine. Ninaambiwa wataandika barua kwa Mwalimu Mkuu. Waandike.

Nilimkuta Dolphine nyuma ya hema la maji. Safari hii alikuwa analia.

“Mwalimu, nilijua ni chokaa,” alisema. “Mimi nilijua. Mguu ndio haukujua.”

Jumapili, 26 Julai

Nimemweleza Monicah yote, neno kwa neno, pamoja na lile la mguu. Alisikiliza huku anachambua mboga. Alipomaliza alitupa majani mazuri kwenye takataka na mabua kwenye sufuria, akaona, hakuyatoa.

Ijumaa, 7 Agosti

Leo tumefunga.

Jana nilimwomba fundi wa zahanati debe la chokaa. Leo baada ya gwaride, kabla ya kutoa ripoti, nimepiga mistari kumi kwenye nusu yetu ya juu, kutoka varandani hadi nguzoni, minene, myeupe, pale pale zilipolazwa nyavu. Elkanah alitoka akauliza hii ni nini. Nikamjibu ni somo la mwisho la muhula. Akabaki amesimama. Wanawake waliokuwa wanageuza omena upande wa chini wakasimama pia.

Nikawatoa wasichana wote, sabini na wanne, nikawapanga ukingoni mwa varanda. Nilikuwa na hotuba. Niliiandaa siku tatu, yenye hasira ya kutosha kuezua paa. Nilipowaona wamesimama pale, vidole vya miguu nyuma ya mstari wa kwanza, hotuba ikanitoka kichwani. Nikapuliza filimbi nikasema, “Kanyageni.”

Hawakwenda.

Nikasema tena. Phelesia, kovu mdomoni, akanitazama, akautazama mstari, akaniuliza, “Wa nani?”

Kabla sijamjibu nikasikia kishindo cha mtu mzito nyuma yangu. Monicah alikuwa amepanda kutoka kwenye mikeka yake, magamba ya samaki mpaka viwikoni. Alimfuata binti yake pale mstarini, akamshika mkono, na wote wawili wakaweka mguu juu ya chokaa.

Dolphine akasita. Nilimwona. Kisha akaleta mguu wa pili, akasimama juu ya mstari kwa miguu yote miwili, kichwa chini, akaanza kuufikicha kwa kisigino. Aliufikicha polepole, kwa chuki, mpaka chokaa yote ikaisha na udongo ukaonekana. Akahamia pembeni kidogo, akaendelea na kipande kingine.

Baada ya hapo sikuhitaji filimbi. Walishuka wote. Walikanyaga, walisugua, walirusha vumbi jeupe, wadogo walijilaza wakagaagaa juu yake. Walikwenda mpaka mstari wa kumi na kurudi. Kelele zilifika ziwani, na omena upande wa chini zikaingia vumbi, na hakuna mwanamke aliyelalamika isipokuwa Rispa.

Kengele ya kufunga ilipolia hakuna aliyeisikia. Elkanah akaipiga tena, akaja kuniambia niwatulize.

“Wapigie filimbi, Mwalimu Marcella.”

Nimeivua shingoni nikampa yeye.

Waliokaa: hakuna.